Sindano Kwenye Waya wa Kebo

Maneno yenyewe yalisemwa saluni, na aliyeyasema wala hakuyapa uzito. Msusi alikuwa amebana kichwa cha mteja katikati ya magoti, anasuka huku anapiga soga, akasema kwamba mtaa wa nyuma kuna mtoto amekuwa kiziwi kwa sababu ya waya wa televisheni ya kebo. Waya ulipita ukutani, juu kidogo ya mto wake, naye akawa analala hapo siku nenda siku rudi mpaka masikio yakaziba kabisa. Wanawake waliokuwa kwenye benchi wakasema maskini, wakaguna, halafu wakahamia kwenye habari ya mtu fulani aliyeoa mke wa pili kimyakimya. Mmoja tu ndiye hakuhama nao.

Huyo nyumbani kwake walimwita Mama Wasiwasi. Jina alipewa na mumewe, dereva wa lori, kwa utani, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuonja uji wa mtoto mara tatu asije akaungua, na wa kurudi njiani kuangalia kama jiko limezimwa, wakati jiko lenyewe siku hiyo hakuliwasha. Masomo yake yaliishia shule ya msingi, lakini kila onyo lililoandikwa kwenye pakiti ya dawa alilisoma mpaka nukta ya mwisho. Binti yake wa miaka saba, waliyemwita Kidoti kwa ajili ya alama nyeusi iliyokuwa shavuni, alikuwa na wiki ya tatu sasa akitoka shule analalamika kichwa kinamuuma. Na juu ya mto wa Kidoti, kweli kabisa, waya wa kebo ulipita.

Waya huo ulifungwa na shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyekuwa anaishi nao na kulala sebuleni. Kampuni ya kebo ilikuwa imemchukua kwa majaribio ya miezi mitatu, na nyumba ya kaka yake ndiyo ya kwanza aliyoachiwa aifungie waya peke yake. Waya ulitoka kwenye nguzo ya nje ukaingia sebuleni. Hapo ukakutana na splita, kile kidude cha bati kinachogawa waya mmoja kuwa njia mbili. Njia moja iliishia kwenye televisheni ya sebuleni. Ya pili ilitambaa ukutani chumbani kwa Kidoti, nyuma ya kitanda, ikatoboa ukuta na kutokea chumba cha uani alikolala mama mkwe. Shemeji alijivunia kazi ile. Misumari midogo ya kushikia waya aliipima kwa rula ili iachane sawasawa, na mgeni akija alionyeshwa misumari kabla ya kuonyeshwa kiti.

Siku mbili Mama Wasiwasi alihangaika na lile neno. Akifua linamjia, akikuna nazi linamjia. Akawa anamwita Kidoti kwa sauti ya chini kutoka jikoni ili aone kama atasikia, na Kidoti akiwa kwenye mchezo wake asipoitika, moyo wa mama unashuka mpaka miguuni. Angeweza kumuuliza shemeji, fundi yuko ndani ya nyumba. Hakumuuliza kwa sababu alijua atachekwa, na kuchekwa kulishamchosha. Badala yake akarudi saluni akisingizia amesahau kitambaa chake, akamchimba msusi. Msusi hakujua zaidi ya alichosema. Lakini mteja mmoja aliyekuwa amekaa chini ya mashine ya kukaushia nywele akadakia kwamba hilo lina dawa yake, tena nyepesi: unachukua sindano ya kushonea, unaichoma kwenye waya mpaka iingie ndani, halafu unafunga uzi wa chuma kutoka kwenye sindano hadi kwenye nondo ya dirisha. Ile sumu ya waya inatoka nje na upepo. Kwa binamu yake walifanya hivyo, na nyumba nzima sasa wanalala kama magogo.

Alasiri hiyohiyo Kidoti akiwa shule, mama alivuta kitanda, akachagua sindano nene ya kushonea magodoro, akaichoma. Waya ulikuwa mgumu kuliko alivyodhani, ikabidi asukumie kwa mwiko. Akafunga uzi wa chuma kwenye nondo, akarudisha kitanda, akaketi juu yake akihema. Jioni Kidoti alisema kichwa hakijamuuma sana leo. Basi mama akapata jibu lake.

Haikupita siku mbili televisheni ya mama mkwe ikaanza kukatika. Picha ilivunjikavunjika vipande vya miraba, sauti ikawa inadonoa. Mama mkwe alikuwa mjane mwenye magoti mabovu na ulimi mzima, na tamthilia yake ya saa kumi alikuwa anaifuata kama mtu anavyofuata zamu ya kazi. Akamwambia mkwewe kwamba yule msoma habari leo kavaa uso wa viraka, jicho moja liko kwenye kidevu. Mama Wasiwasi akasema labda ni mawingu. Mama mkwe akatazama dirishani, jua kali linawaka.

Shemeji wiki hiyo alikuwa amepelekwa na wenzake kufunga waya kwenye hoteli fulani mbali na mji. Mama mkwe hakuwa mtu wa kusubiri. Akachukua simu yake, akavaa miwani, akasoma namba iliyobandikwa nyuma ya king'amuzi, akapiga kampuni mwenyewe. Aliwaeleza kwa kirefu. Akawaambia aliyefunga waya huu alifunga ovyo, waje waangalie, na kwamba yeye si mtu wa kulalamika lakini leo analalamika. Kwamba fundi mwenyewe ni mwanawe wa kumzaa hakusema. Alifikiri akipaza sauti ndipo watakapomtuma mwanawe haraka arudi kutengeneza.

Kampuni haikufanya hivyo. Lalamiko likija juu ya nyumba iliyofungwa na fundi wa majaribio, msimamizi huenda mwenyewe na kipimo chake, na fundi husimama kando wakati kazi yake inapimwa. Shemeji alibakiza wiki mbili amalize majaribio. Jumanne asubuhi alipiga simu kutoka njiani, akasema anakuja na msimamizi, na kama kosa litaonekana ni la mkono wake basi kazi hana. Akamwomba shemeji yake apange sebule kidogo.

Mama Wasiwasi hakwenda sebuleni. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya kitanda, akakata uzi wa chuma, akashika sindano kwa koleo na kuivuta. Ikatoka nusu. Ncha ilikatikia ndani ya waya. Alijaribu kuikamata kwa ncha ya koleo ikawa anazidi kuchubua, na nje gari limeshapiga honi. Akawasha mshumaa, akadondosha nta juu ya kile kitundu, akaisawazisha kwa kidole ingali ya moto. Kisha akarudisha kitanda.

Kidoti siku hiyo hakwenda shule, kichwa kilimrudia. Mama akamlaza pale pale.

Msimamizi alikuwa mtu mfupi mwenye shati lililopigwa pasi, mafundi walimwita Mzee wa Namba kwa sababu hakuamini kitu kisichotoka kwenye kipimo chake. Alikataa kiti. Alifungua begi, akatoa mashine ndogo yenye kioo na vitufe, akaanzia nje, pale waya unapoingia nyumbani. Kioo kikaandika sabini na nne. Akaingia sebuleni, akafungua waya unaotoka kwenye splita, akapima: sabini. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alimweleza mama mkwe, aliyekuwa amejikongoja hadi mlangoni kushuhudia haki yake ikitendeka, kwamba signali, yaani nguvu inayobeba picha, ni lazima ipungue kidogo njiani. Splita inakula nne, hiyo ni haki yake, na waya wa mita kumi na mbili kwenda uani unakula kama tatu. Kwa hiyo huko uani anategemea kukuta sitini na saba.

Mama mkwe alikuwa bado hajaelewa kwa nini mwanawe anasimama kama mshtakiwa. Alimkonyeza akae. Hakukaa.

Wakaenda uani. Kipimo kikaandika arobaini na tisa.

Mzee wa Namba akainama nyuma ya televisheni. Alikata koneta ya mwisho, ile pua ya chuma inayoingia kwenye televisheni, akafunga mpya, akapima. Arobaini na tisa. Akarudi sebuleni akafunga mpya ya upande ule pia. Arobaini na tisa. Shemeji alikuwa anamfuata nyuma, anahesabu kwa vidole jambo ambalo hata mtoto angehesabu: ishirini na moja zimepotea mahali pa kupotea tatu. Koneta zote mbili ni mpya, kwa hiyo ugonjwa uko katikati. Na katikati ni chumbani kwa Kidoti.

Walipofika mlangoni, Mama Wasiwasi alikuwa amesimama pale, mkono kwenye fremu. Msimamizi akaomba radhi, akasema angependa kitanda kivutwe auone waya wote. Yeye akajibu kwamba mtoto anaumwa, ndio kwanza amepata usingizi, wamhurumie. Kuumwa kwa mtoto kulikuwa kweli, na ndiyo maana maneno yalimtoka bila kukwama. Kidoti mwenyewe alikuwa macho, amefumba kwa kuwa mama alimwambia afumbe.

Mzee wa Namba alichungulia kwa mbali, akaona waya unavyoingia nyuma ya kitanda na unavyotoka. Akasema hakuna haja ya kumsumbua mtoto. Waya mpya ukipoteza kiasi hicho, uzoefu wake unamwambia ulivutwa kwa nguvu ukapita kwenye kona ya ukuta ukajikunja ndani, shaba ikaumia. Hilo ni kosa la mfungaji.

"Sikuuvuta, mzee," shemeji akasema. "Naapa. Niliupitisha taratibu, hata shemeji aliniona. Shemeji, si uliniona?"

Alikuwa amemgeukia. Hapo ndipo pa kusema. Mama Wasiwasi aliiona nta akilini mwake, aliiona ile ncha, akamwona mama mkwe nyuma yao ameshika ukuta, akafikiria vicheko vya saluni na vya mumewe, na jinsi habari itakavyozunguka mtaa kwamba aliharibu waya wa watu kwa sindano ya godoro. 

"Siku ile ulikuwa na haraka," akasema. "Labda ulivutwa kidogo."

Msimamizi aliandika. Shemeji alibaki anamwangalia, halafu akaangalia chini.

Walipoondoka ndipo mama mkwe alipoelezwa amefanya nini kwa ile simu yake. Hakulia. Alirudi chumbani, akachomoa televisheni ukutani, akaifunika kwa kanga kama inavyofunikwa maiti, na tangu siku hiyo saa kumi ikifika alikuwa anakaa barazani amegeukia barabara. Alimwambia mkwewe kwamba ulimi wake yeye mwenyewe ndio umemfukuzisha mwanawe kazi. Akarudia kila alipoletewa chakula. Mama Wasiwasi alikuwa anaweka sahani, anasikia, anaondoka. Mara mbili alifungua mdomo, na mara mbili akaishia kuuliza kama chumvi imekolea.

Usimwone mtu ameiba ukadhani wizi ndio mzigo. Yeye hakuiba kitu, lakini alianza kutembea ndani ya nyumba yake kama aliyeingia kwa dirisha. Shemeji alifua sare yake ya kampuni, akaianika, akaikunja, akaiweka juu ya kabati asubiri barua. Kila Mama Wasiwasi akipita sebuleni macho yake yanagongana na ile sare ya bluu. Hakula vizuri. Mumewe alipiga simu kutoka safarini akamuuliza ana nini, akasema kichwa cha mtoto.

Ijumaa alimpeleka Kidoti zahanati. Muuguzi alimsimamisha mtoto mbele ya ubao wenye herufi, herufi za juu akazisoma, za katikati akazibahatisha, za chini akasema hakuna kitu pale. Kumbe macho. Muuguzi akauliza darasani anakaa wapi, Kidoti akajibu nyuma kabisa, karibu na dirisha. Anayakaza macho kutwa nzima kusoma ubaoni, kichwa kitaacha kuuma? Mama akauliza kama waya wa kebo unaweza kumfanya mtoto hivyo. Muuguzi alicheka kidogo, bila dharau, akasema angeshakuwa kipofu yeye, maana analala chini ya nyaya nane za wapangaji. Kuhusu yule mtoto wa mtaa wa nyuma alimjua vizuri: alizaliwa hasikii.

Mama Wasiwasi alirudi nyumbani kwa miguu. Hakumbuki alipitia njia gani.

Jumamosi barua ikaja, shemeji anatakiwa kurudisha sare na vifaa Jumatatu. Aliisoma akiwa amesimama, akaiweka mfukoni, kisha akatoa waya mpya wa mita kumi na tano aliokuwa ameununua mwenyewe. Akasema haondoki akaacha kazi mbovu ndani ya nyumba ya kaka yake. Atabadilisha waya ule mama yake aone picha. Akaingia chumbani, akashika mguu wa kitanda.

"Subiri, shemeji."

Alisimama. Mama Wasiwasi alifunga mlango ili mama mkwe asisikie, halafu akaona aibu kwa kuufunga, akaufungua tena. Alisema yote. Aliyasema kwa mfululizo kama mtoto anayesoma shairi aliloshurutishwa: saluni, kiziwi, sindano, uzi wa chuma, koleo, mshumaa. Shemeji alivuta kitanda polepole. Akaikwangua nta kwa ukucha. Akakata kipande cha waya urefu wa kiganja, akakipasua kwa kisu kwa urefu, na pale ndani, imelala kati ya wavu wa nje na shaba ya katikati, ikawa inang'aa ncha ya sindano, fupi kuliko punje ya mchele.

Akakisogeza kile kipande kwenye mwanga.

"Kinachopita humu hakiwezi hata kuwasha taa ya tochi," akasema. "Ungeniuliza tu."

"Niliogopa utanicheka."

"Ningecheka, ndiyo. Ningecheka, halafu ningeusogeza waya. Dakika kumi." Akaweka kile kipande kitandani. "Sindano naielewa, shemeji, ulimwogopea mtoto. Lakini mimi nilikuuliza mbele ya yule mzee. Ukasema labda ulivutwa."

Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali apaze. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, kanga begani, amesikia yote, kuanzia saluni mpaka mshumaa.

Jumatatu walikwenda ofisini watatu, shemeji na sare mkononi, yeye na kipande cha waya ndani ya mfuko wa plastiki, na mama mkwe aliyesema magoti yake yatakwenda yapende yasipende. Mzee wa Namba alikipindua kile kipande, akachukua kioo cha kukuzia, akaguna. Akamsikiliza Mama Wasiwasi mpaka mwisho, na mwanamke huyo alisimulia kosa lake mbele ya makarani wanne ambao mmoja alizuia kicheko kwa kiganja. Alichokiogopa kilitokea, na hakikumuua.

Msimamizi alisema na yeye amekosa: alipaswa kuvuta kitanda, namba zilimwonyesha wapi pa kuangalia, akaacha kuangalia kwa sababu mama wa nyumba alimwambia mtoto amelala. Ataandika hivyo. Lakini taarifa ya kwanza ilishakwenda juu, na nafasi alishapewa kijana mwingine tangu Ijumaa. Alichoweza kutoa ni barua ya kueleza kwamba kazi ya fundi huyu haikuwa na kosa, na jina la jamaa yake anayefunga nyaya mji wa mbali, anayehitaji mtu. Ijumaa. Mama Wasiwasi alihesabu. Angesema Jumanne, au Jumatano, au hata Alhamisi, kijana angekuwa na sare yake.

Shemeji aliondoka wiki ile ile. Kabla ya kuondoka alifunga waya mpya, safari hii akaupitisha juu karibu na dari, mbali na kitanda, bila kuombwa. Picha ya mama mkwe sasa ni safi kama maji ya mtungi. Kidoti ana miwani, na siku ya kwanza alipoivaa alimtazama mama yake akasema, mama, kumbe una mistari hapa kwenye paji. Kichwa hakimuumi tena.

Huko aliko shemeji anafanya kazi vizuri. Hupiga simu kila Jumapili. Humsalimia mama yake, humsalimia kaka yake akiwepo, huongea na Kidoti mambo ya shule hadi salio linakaribia kuisha. Halafu humwambia Kidoti, msalimie mama. Kidoti humpa mama simu, na mama akiiweka sikioni hukuta imeshakatwa. Mama naye hajawahi kumpigia shemeji. Kila Jumapili anashika ile simu, anatafuta jina, anaangalia.

Mama mwenzangu unayesoma haya, yaepuke:

Usichome sindano, msumari wala pini kwenye waya wa kebo, hata kama umeambiwa na mtu unayemwamini.

Usifunge waya wowote kwenye nondo za dirisha.

Picha ikiharibika, usianze kutafuta wa kumlaumu kabla ya kukumbuka wewe mwenyewe umegusa nini.

Habari ya ugonjwa wa mtoto usiichukulie saluni. Mpeleke zahanati siku hiyohiyo.

Usiache kumuuliza fundi kwa kuogopa kuchekwa.

Ukiharibu, usizibe. Nta, gundi, plasta, vyote ni kuficha.

Usimtumie mtoto mgonjwa kuwa pazia lako.

Mtu akilaumiwa kwa ulilofanya wewe, usiongeze hata neno moja dhidi yake.

Usingoje Ijumaa.